Tetesi za Mikataba Humlenga Bosi, Si Mpinzani

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama tetesi za mikataba ya madereva wa langalanga, yaani mbio za magari za Formula 1, ni silaha ya kuwavuruga wapinzani kisaikolojia au ni porojo za waandishi tu. Kwa maoni yangu ni silaha, ila tunakosea tunapodhani imeelekezwa kwa mpinzani wa gereji ya jirani. Dereva anayedondosha neno mbele ya kamera huwa anazungumza na bosi wake, au na bosi anayemtamani, na anayeumia mara nyingi ni mtu wa tatu, yule aliyekalia kiti kinachogombewa.

Mfano usionitoka akilini ni wa mwaka 2022. Tarehe 1 Agosti Fernando Alonso alitangazwa kuhamia Aston Martin, na mkuu wa timu yake ya Alpine, Otmar Szafnauer, alikiri baadaye kwamba uthibitisho wa kwanza alioupata ni taarifa hiyo hiyo iliyotolewa kwa vyombo vya habari. Kesho yake Alpine ilimtangaza dereva wake wa akiba, Oscar Piastri, kuwa mrithi wa kiti hicho, katika taarifa ambayo msomaji makini angeitilia shaka papo hapo, kwa kuwa haikuwa na hata neno moja la kijana mwenyewe. Jioni hiyo hiyo Piastri aliandika Twitter kwamba hajasaini mkataba na Alpine wa mwaka 2023 na kwamba hataiendeshea. Shauri likafika kwenye bodi inayotambua mikataba ya madereva, na tarehe 2 Septemba bodi ikaamua kwamba mkataba pekee unaotambulika ni ule wa Piastri na McLaren wa tarehe 4 Julai.

Tarehe hiyo ndiyo inayonikera. McLaren wakati huo ilikuwa na Daniel Ricciardo, mwenye mkataba hadi mwisho wa 2023, na tarehe 13 Julai, akiwa amechoshwa na tetesi, Ricciardo aliandika Instagram kwamba yuko na timu hiyo hadi mwisho wa mwaka unaofuata. Mkataba wa Piastri ulikuwa na umri wa siku tisa. Agosti 24 timu ikatangaza kuachana na Ricciardo msimu ukiisha. Kila nikilisoma tena andiko lake naona haya kwa niaba ya waliokuwa wakijua.

Sisi tuliozoea mpira wa miguu tuna dirisha la usajili lenye tarehe ya kufungwa. Langalanga haina dirisha la namna hiyo, na hadi Cadillac ilipoingia mwaka 2026 viti vilikuwa 20 tu, kwa hiyo mnada huendelea msimu mzima. Ndiyo maana sikushangaa katikati ya 2025 George Russell, dereva wa Mercedes ambaye hakuwa na mkataba wa mwaka uliofuata, aliposema mwenyewe hadharani kwamba timu yake inazungumza na Max Verstappen wa Red Bull. Kwa haraka ungedhani anajishusha thamani. Mimi naamini alikuwa akimbana mkuu wa timu yake, Toto Wolff, ambaye kuanzia hapo aliulizwa swali hilo kila alipokutana na waandishi. Verstappen alithibitisha mwishoni mwa Julai kwamba anabaki Red Bull, na Oktoba Russell akapata mkataba wake.

Wapo watakaosema dawa ni kumpa dereva mkataba mapema ili atulie. Red Bull ilijaribu dawa hiyo Juni 2024 kwa Sergio Perez, ambaye alikuwa amepanda jukwaani, yaani kumaliza katika tatu bora, mara nne katika mbio tano za kwanza kabla ya kuanza kuyumba. Aliongezewa muda hadi 2026, hakupanda tena jukwaani mwaka ule, na Desemba akaondoka. Mwaka huo huo Carlos Sainz alikuwa ameambiwa kabla msimu haujaanza kwamba kiti chake cha Ferrari atapewa Lewis Hamilton. Machi alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, akakosa mbio za Saudi Arabia, na wiki mbili baadaye akashinda Melbourne bila kuwa na timu ya mwaka unaofuata. Hamilton hakumaliza mbio hizo. Injini ya Mercedes yake ilimzimikia njiani.