Shada la mapindo mawili

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: ni zawadi gani ya harusi ambayo mtu anaweza kuitengeneza kwa mkono wake, na isiishie uvunguni mwa kitanda? Jibu langu ni shada la kutundika, lililozungushiwa kanga ya mama wa bibi harusi na kanga ya mama wa bwana harusi.

Najua wapo watakaoshtuka. Kwetu shada la duara la maua tumezoea kuliona makaburini, na mgeni akilikuta mlangoni kwa maharusi anaweza kuuliza msiba ni wa nani. Kwa hiyo hili langu halina ua hata moja, liwe bichi au la plastiki. Asumini na kilua viachiwe kikuba, kile kishada kidogo cha maua ya kunukia anachojipambia mwanamke, ambacho kazi yake ni ya usiku mmoja.

Kiunzi ni chelewa za mnazi. Fungua ufagio mpya, loweka chelewa usiku kucha zilegee, kisha zikunje duara lenye upana wa sentimita 30 hivi, ukipishanisha ncha ili pasiwe na kiungo kinene. Funga kwa kamba ya katani mpaka unene ufike kama sentimita 3. Liweke chini ya kitu kizito, likauke kabisa kabla hujagusa kitambaa. Chelewa mbichi ukizifunika hutoa ukungu, na rangi ya kanga inaharibika kutokea ndani.

Sasa kanga. Kwa kawaida ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Ukichana ukanda wa sentimita 6 kwenye pindo la upande mrefu, unatosha kuzungushia nusu ya duara na kubaki kidogo. Hapo ndipo napapenda mimi: nusu moja ya mama huyu, nusu ya pili ya mama yule, hakuna atakayesema kapunjwa. Wanaojua mambo ya wakwe wananielewa. Omba kanga iliyokwisha kuvaliwa na kufuliwa mara nyingi. Mpya bado ina wanga, haitulii kwenye duara. Lakini mama akikutolea kanga ya zamani ya kiwanda cha Urafiki, kile kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1968, mrudishie. Hiyo haikatwi.

Na jina la kanga, yaani yale maneno yaliyochapwa juu yake, lisome kabla ya kushika mkasi. Unaweza kulikata zima na kulishonea upande wa chini wa shada, likapendeza sana, lakini kanga nyingi zilinunuliwa kumpiga mtu kijembe. "Hasidi hana sababu" si maneno ya kumtundikia bibi harusi sebuleni, hata kama shangazi mmoja anastahili kuyasoma.

Mapindo yanapokutana, juu na chini, funika kwa ukili, ule ukanda unaosukwa kwa ukindu (majani ya mkindu), uliotiwa rangi. Anayejua kusuka asuke, asiyejua anunue kwa wasusi wa mikeka, hakuna aibu. Ukindu uwe na unyevunyevu unapoukunja, mkavu hukatika. Shona kwa shazia, ile sindano kubwa, uzi upite katikati ya chelewa. Majina ya maharusi na mwaka nayadarizi kwenye kipande cha marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na nakshi, kisha nakishonea katikati ya ukili wa juu. Herufi ziwe kubwa, rangi moja tu. Mapindo yenyewe yana makeke ya kutosha.

Gharama ni ndogo: ufagio, uzi, ukili kidogo. Kinachokula muda ni kuwaendea akina mama wawili, kunywa chai, na kusubiri kila mmoja afungue sanduku na kuchagua. Usiwatume watu, nenda mwenyewe, maana hapo ndipo utakapoambiwa kanga ipi ilivaliwa siku gani. Andika habari hiyo kwenye karatasi ndogo na uibandike nyuma ya shada.

Lipeleke siku ya kitchen party, si ukumbini, ambako litapotea kati ya maboksi. Huko kwenye kitchen party kila mtu ana hotipoti mkononi na wewe utaonekana umekuja na kitu cha ajabu, sawa tu. Ila mchango wa kamati ulipe kama wenzako. Mweka hazina hapokei chelewa.