Mdakaji Huanzia Miguuni: Maswali Yenu ya Besiboli

Kocha, mkono wangu una nguvu lakini wakimbiaji bado wananiibia beizi ya pili. Nifanye mazoezi gani ya mkono? (Kayole)

Swali hili sasa limekuwa wimbo. Mdakaji ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kupokea mpira wa mrushaji, na kuiba ni mkimbiaji kuchomoka kwenda beizi inayofuata bila kungoja mpira upigwe. Nguvu unazo, umesema mwenyewe, angalia miguu. Kutoka pleti ya nyumbani, pale anaposimama mpigaji, hadi beizi ya pili ni mita 38.8, na wadakaji wa ligi kuu ya Marekani huufikisha mpira huko kwa takriban sekunde 2 tangu uguse glavu. Wewe unachelewa kabla mpira haujakutoka mkononi. Mkimbiaji akiwa beizi ya kwanza, inua makalio kidogo, mguu wa kulia urudi nyuma nusu wayo. Mpira ukiingia, ulete na glavu kifuani. Mkono wa kulia usiufuate kule mbele. Vidole vikate mishono kwa upande, la sivyo mpira utapinda njiani. Kisha rusha mpira uende chini-chini. Mpira uliodunda mara moja bado unaweza kumtoa mtu, ila ukipita juu ya kichwa cha mwenzako umemzawadia mkimbiaji beizi ya tatu. Na kama mrushaji wenu anainua mguu polepole kama mzee anayepanda matatu, mkimbiaji ameiba kwake, si kwako.

Mpira ukidunda mbele yangu naudaka vipi? (Umoja)

Hudaki, unazuia. Magoti yote chini, glavu iguse ardhi katikati ya mapaja, kidevu kifuani, mabega yakunjwe kwa mbele ili mpira ukikugonga uanguke miguuni pako. Toa pumzi, kifua kilichokazwa hurudisha mpira mbali. Macho usifumbe wala uso usigeuze, maana pembeni barakoa haina ulinzi wa maana. Viwanja vyetu vingi vina kokoto, kwa hiyo fagia mbele ya pleti kabla ya mechi. Wengi wenu hamfanyi hivyo, halafu mnalaumu mpira.

Mkono usio na glavu niuweke wapi? (Ruaka)

Nyuma ya kifundo cha mguu mpaka mpira uingie. Mkimbiaji akiwepo, nyuma ya glavu, ngumi ikiwa imekunjwa kilegevu. Vidole vilivyonyooka huvunjwa na mpira uliokwaruzwa na gongo.

Nimeona glavu ya besiboli Gikomba kwa bei nzuri. Itamfaa mwanangu mdakaji? (Mzazi, Kawangware)

Ikiwa ina vidole vitano vilivyoachana, hapana. Ya mdakaji ni ya duara, haina vidole, na ina sponji nene. Ile ya kawaida itamwumiza kiganja na kidole gumba. Soma mhuri: RHT ni ya anayerusha kwa mkono wa kulia, hivyo huvaliwa kushoto. Wazazi hukosea hapo kila siku. Vuta kamba za ngozi za kwenye wavu. Zikikatika mkononi mwako, iache. Usiipake mafuta ya kupikia wala kuianika juu ya mabati. Na kabla ya glavu nunua barakoa, kinga ya kifua, za miguu, na kikombe cha kukinga sehemu za siri. Mnaona haya kukitaja hicho, mtoto ndiye anayeumia.

Anayerusha kwa mkono wa kushoto anaweza kuwa mdakaji? (Rongai)

Sheria haikatazi. Wanaokataza ni makocha, kwa mazoea.

Naruhusiwa kumzibia mkimbiaji njia ya kufika pleti ya nyumbani kwa mwili? (Kasarani)

Bila mpira, hapana. Marekani waliibana sheria hiyo mwaka 2014, baada ya mdakaji Buster Posey kuvunjwa mguu kwa kugongwa hapo mwaka 2011. Mwachie mkimbiaji njia, pokea mpira, ndipo umguse.

Mpira ulinigonga kwenye barakoa Jumamosi, kichwa bado kinauma. Nicheze Jumapili? (Buruburu)

Hapana, hata ikiwa fainali. Barakoa huokoa meno na pua, lakini ubongo bado hutikisika. Mike Matheny, mdakaji hodari wa Marekani, alistaafu mwaka 2007 kwa sababu ya vipigo vya aina hiyo. Muone daktari leo. Ukitapika, ukiona maruweruwe au ukisinzia ovyo, usingoje foleni ya kliniki. Nenda hospitali kubwa moja kwa moja, na asikupeleke kocha anayekuuliza kama utawahi mechi.