Tabaka la mawe yaliyovunjika si mlango wa shaba

Swali: Papa Injinia, jambo. Kwenye machimbo ya chokaa, njia ya Likasi, nimekuta tabaka la sentimita 30 hivi lililojaa vipande bapa vya mawe. Vingine vimesimama wima kama vitabu kwenye rafu. Juu na chini yake ni chokaa tupu. Mtu mmoja anayejiita mpimaji ametuambia hiyo ni bresha: ardhi ilipasuka pale, shaba ikapanda. Anataka dola 300 atuelekeze. Mdogo wangu ameshachimba mita 6. Tuendelee? (Msomaji, Katuba)

Jibu: Mwanangu, msiendelee. Barua za namna hii zinanifikia kila kiangazi, na zinaniumiza, kwa sababu kosa lake limejengwa juu ya jambo la kweli. Katanga tunazo bresha kubwa za Roan, kundi la miamba ya kale yenye shaba, na ndani yake mapande ya miamba yenye shaba, mengine marefu hadi kilometa na zaidi. Watu wakishasikia hivyo, kila jiwe lililovunjika wanaliona shaba. Lakini bresha ni jina la umbo tu, yaani vipande vyenye kingo kali vilivyogandamana. Aliyevivunja hatajwi kwenye jina hilo.

Mawe yako, kwa jinsi ulivyoeleza, yamevunjwa na dhoruba ya baharini. Chokaa ya kwetu, kama ile ya Kakontwe, ilitua chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Matope ya chokaa yana tabia ya kuganda mapema, yakafanya ukoko mgumu palepale sakafuni huku chini yake bado ni laini, kama ukoko wa bukari (ugali). Siku za kawaida wimbi haliugusi. Msukosuko wa wimbi hufa kwenye kina cha karibu nusu ya urefu wake, yaani umbali toka kilele hadi kilele, si kimo chake: wimbi lenye urefu huo wa mita 20 linaishia mita 10. Dhoruba inaleta mawimbi yenye urefu wa mita 150 toka kilele hadi kilele, na hayo yanatikisa sakafu hata kwenye mita 75. Ukoko unang'oka, unakatika vipande bapa, vinagongana na kubanana hadi vingine vinasimama wima. Umeyaona haya kwa macho yako: mvua ya kwanza ya Novemba ikisomba magamba ya tope kavu, yanasimama ubavu kwa ubavu mtaroni.

Upepo ukitulia, vizito vinatangulia kutua, kisha mchanga, mwisho tope. Kwa hiyo rudi ukatazame. Sehemu ya chini ya tabaka imekatwa ghafla, kama imekwanguliwa? Vipande ni vya chokaa ileile iliyo chini yake? Kuelekea juu chembe zinapungua, na mchanga una mistari ya mawimbi au vilima vidogo vya mviringo? Hiyo ni kazi ya siku chache za dhoruba. Mpasuko wa ardhi hauko hivyo: unakata matabaka badala ya kulala kati yake, unachanganya mawe ya aina tofauti, unaacha unga uliosagwa na nyuso zenye mikwaruzo.

Mawe bapa ya aina hii ni mengi katika chokaa za kale sana, hadi miaka milioni 480 hivi iliyopita, kisha yanaadimika. Wanyama wanaofukua matope walikuwa wameongezeka, wakawa wanavuruga ukoko kabla haujakomaa.

Shaba inaweza kuingia kwenye mwamba wowote uliopitiwa na maji yenye madini, hata huu. Ila kuvunjika kwa jiwe hakuthibitishi hilo. Hata rangi ya kijani haitoshi, maana kloriti, madini mengine ya kawaida, nayo ni kijani na haina shaba. Kinachothibitisha ni sampuli zilizochukuliwa kwa mpangilio, zikapimwa maabara.

Kinachonikasirisha ni hawa wanaosoma jiwe moja mkononi, au picha ya simu, wakataja kina na utajiri. Jiwe lililotolewa mahali pake limepoteza nusu ya habari zake: lililala upande gani, juu yake nini, chini yake nini. Yeyote asiyeuliza hayo hajui anachouza, na nimeona familia zikiuza kiwanja kwa neno lake. Watu hao wakishapokea pesa hawashuki shimoni. Wanaoshuka ni vijana kama mdogo wako, kwenye udongo mwekundu usio na nguzo hata moja. Mtoe leo, kisha lifukieni shimo kabla mvua haijaanza, na hizo dola 300 zibaki nyumbani.