Niuze 5L yangu ninunue hizi za kompyuta?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nakusanya mahindi vijijini huko Kiteto nashusha soko la Kibaigwa, nina Hilux ya zamani yenye injini ya 5L, ile dizeli isiyo na turbo (5L ni jina la injini, siyo lita tano), nimekaa nayo miaka tisa, moshi upo ila haijawahi kunilaza njiani. Sasa nimepata hela kidogo nataka Hilux dabo kebini ya 2018, ile dizeli ya lita 2.4 yenye turbo, kile kifeni cha kuisukumia injini hewa. Shemeji yangu yupo Dar ananiambia nisithubutu, eti injini za siku hizi ni vidogo vinakamuliwa na turbo mpaka vinanoki, na kwamba hata Marekani zimewatoa watu machozi. Nimsikilize? (Msomaji, Kibaigwa)

JIBU: Shemeji hajadanganya ila kachanganya mambo. Ya Marekani ni kweli, pikapu ya Toyota Tundra modeli ya 2022 ilitoka bila ile injini ya V8 (silinda nane) ya lita 5.7, wakaweka V6 (silinda sita) ya turbo mbili, na 2024 wakayaita magari kama 102,000 yarudi pamoja na Lexus LX, kisa mabaki ya chuma ya kiwandani yalibaki ndani ya injini yakawa yanakula beringi za krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Huo ni uchafu wa kiwandani, turbo inaingiaje hapo? Na mwaka uliofuata General Motors wakaita karibu 600,000 hukohuko Marekani, hiyo ni V8 ya lita 6.2 haina turbo hata ya dawa, shida krenki na konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na krenki. Kwa hiyo ukubwa wa injini peke yake haukupi uhakika wowote. Halafu zote hizo ni za petroli, wewe unauliza dizeli.

Hiyo 2.4 na kaka yake 2.8 zimetoka 2015, ina maana zimeshapigwa miaka kumi na zaidi, na hapo Dom mafundi wameshazifungua wakazifunga. Mimi injini mpya kabisa naipa miaka minne mitano kwanza, wenye hela wainunue, waiharibu, sisi tujue inafia wapi. Hizi tumeshajua. Kesi kubwa ilikuwa Australia, wateja dhidi ya Toyota, kwa za kuanzia 2015 mpaka 2020, magari zaidi ya 260,000, na 2022 mahakama ikawapa wateja haki, ila ugonjwa ulikuwa kwenye ekzosi, lile chujio la masizi wanaloita DPF lilikuwa halijisafishi vizuri, injini yenyewe haikushtakiwa. Sasa wewe ukiagiza ya mtumba Japani au Uingereza itakuja nalo, nyingine zilizoletwa mpya kwa soko la huku hazina, ingia chini uangalie kabla hujatoa hela.

Kinachoniogopesha kwako wewe ni dizeli ya vidumu. 5L nozeli zake, vile vipulizia dizeli, zinafunguka kwa presha ya bar mia na kitu, inameza chochote, hata ukiiwekea mafuta ya taa itakohoa tu iendelee. Hizi za komon reli, yaani zenye bomba moja la presha linalogawa dizeli kwa nozeli zote kwa amri ya kompyuta, zinasukuma dizeli kwa bar 1,600, nyingine zaidi ya 2,000, inapita kwenye vitundu vyembamba kama unywele, hapo tone la maji linafanya kazi ya msumari. Yalinikuta mwenyewe njia ya Kondoa, pikapu siitaji aina, nimeishiwa nikanunua lita ishirini kijijini, nimetembea kama kilometa thelathini gari likaisha nguvu taa ikawaka. Nikafungua koki ya filta ya dizeli nikakinga kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikaisimamisha juu ya jiwe nikakaa kivulini. Robo saa hivi, chini maji meupe vidole viwili, katikati mstari mwekundu wa kutu, juu ndo dizeli. Nozeli mbili kati ya nne zikaenda na maji, na bei ya nozeli moja mpya ukiambiwa unakaa chini kwanza.

Kwa hiyo ukiichukua jaza Kibaigwa kabla hujaingia porini, mwaga maji ya filta kila wiki, na kiangazi eya klina uifungue mara kwa mara maana vumbi la Kiteto unalijua mwenyewe, likipita pale linakwenda moja kwa moja kwenye mapanga ya turbo. Oili kila kilometa 5,000 usisikilize vitabu vya Ulaya. Ukitoka kupanda mlima na mzigo usizime papo hapo, iache iungurume dakika moja mbili turbo ipoe.

Raha yake utaiona barabarani. Huku kwetu tupo kama mita 1,100 juu ya bahari, injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa wembamba wa hewa tu, ndo maana 5L yako ikiwa na magunia unapitwa hadi na bodaboda. Yenye turbo hiyo hasara haiisikii sana.

Nunua, ila kabla hujalipa ipimwe na mashine, iwashwe asubuhi ikiwa ya baridi, usikubali kukuta wameshaipasha. Na 5L usiiuze msimu huu, iache ifanye kazi ya mashambani, mpya ipige lami.

SWALI: Fundi wangu anataka anitobolee hiyo DPF, anasema nguvu itaongezeka. Na oili kwenye stiki naona inapanda badala ya kushuka, ni neema? (Msomaji, Singida)

JIBU: Neema gani bosi, hiyo ni dizeli imeingia kwenye oili. Baadhi ya injini zinamwaga dizeli ya ziada kuchoma masizi ya DPF, sasa wewe unazungukazunguka sokoni unazima kabla haijamaliza, dizeli inashuka sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Mwaga oili yote leo, weka mpya, halafu nenda Manyoni na urudi kwa mwendo mmoja usiosimamasimama, ili iyamalize hayo masizi. Kutoboa aache kwanza, kompyuta ya gari bado itakuwa inalitafuta hilo chujio na taa haitazima.