Nilivyong'oa azalea yangu nikapanda kichaka cha asili

Kwa miaka 4 niliiuguza azalea, kichaka cha maua, iliyokuwa mbele ya dirisha langu. Kila msimu majani yaligeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Nikaweka mbolea, nikazidisha maji, nikapulizia dawa yenye madini ya chuma. Yalirudi kijani wiki chache, kisha manjano tena.

Ukiona dalili hiyo, pima udongo kabla ya kununua chochote. Azalea hupenda udongo wenye uchachu, pH (kipimo cha uchachu, ambapo namba ndogo ni uchachu zaidi) ya 4.5 hadi 6 hivi. Wangu ulikuwa 7.8. Katika udongo wa namna hiyo chuma huwamo, lakini hakiyeyuki kwa urahisi na mizizi haikipati. Salfa hushusha pH, ila udongo uliotokana na mawe ya chokaa utairudisha palepale, na wewe utaianza kazi upya kila mwaka. Nikakata shauri kuing'oa. Iliniuma, kwa sababu niliipenda.

Nilipoichimbua nikakuta kingine: mizizi ilikuwa bado na umbo la chungu ilichokuja nacho kutoka dukani. Miaka yote hiyo ilizunguka ndani ya donge lake. Hilo lilikuwa kosa langu, sikuifumua siku ya kupanda. Kwa hiyo usimalize kuulaumu udongo kabla hujaitazama mizizi.

Sasa, kuchagua mbadala. Hapa ndipo watu wengi huharakisha. Mmea kuwa wa asili hakutoshi: wa bondeni penye majimaji ukiupeleka kwenye kilima kikavu utateseka kama mgeni yeyote. Mimi nilitembea nikitafuta mahali panapofanana na bustani yangu, jua lile lile na udongo ule ule, nikaangalia ni vichaka gani vimejiotea bila mtu kuvimwagilia. Kisha niliuliza watu wanaoijua mimea, maana kuzoeleka si asili. Lantana, kichaka cha maua, kwa mfano, imeenea Afrika, Asia na Australia hata watu hudhani ni ya kwao, kumbe asili yake ni Amerika ya kitropiki, na kwingi imekuwa mmea vamizi. Ukishaujua unaoutaka, utafute kwenye kitalu cha miche. Tafadhali usiuchimbue porini.

Chagua mche mdogo. Mkubwa unavutia, lakini mdogo hushika upesi zaidi. Shimo liwe pana mara 2 au 3 ya donge la mizizi, ila lisizidi kina chake, ili shina lisizame. Fumua mizizi inayozunguka, na iliyokakamaa ikate. Rudishia udongo ule ule uliotoa. Najua mkono unawasha kujaza mboji shimoni, lakini mizizi ikizoea raha ya shimo haina haja ya kwenda mbali. Mboji itandaze juu, kisha weka matandazo, kama majani makavu, ya sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina.

Mwaka wa kwanza mwagilia. Nasisitiza kwa sababu wengi husikia “wa asili” wakadhani haunywi maji, mche ukafa, wakaulaumu. Upe maji mengi mara chache badala ya kidogo kila siku, ili yazame na mizizi iyafuate. Usishtuke ukiona haurefuki. Kazi inafanyika chini.

Changu sasa kina mwaka wa tatu na sikimwagilii tena, isipokuwa ukame ukizidi. Majani yake yana matundu. Mwanzoni nilishika bomba la dawa, nikaliweka chini. Wadudu wengi wanaokula majani, kama viwavi, huweza kula mimea michache tu waliyoizoea tangu enzi, na ndege wengi hulisha makinda yao viwavi hao hao. Kwenye azalea sikuwahi kuona ndege akitafuta chakula. Kwenye kichaka hiki nawaona kila asubuhi, nikiwa dirishani pale pale.