Maswali ya Wasomaji: 52x ya CD ni MB ngapi?

SWALI: Habari fundi. Nina CD, DVD, flopi na kadi za kamera za zamani, nahamishia mafaili yote kwenye SSD (diski isiyozunguka), sasa kila kitu kina kipimo chake. Draivu ya CD imeandikwa 52x, ya DVD 16x, kadi 133x, USB 2.0 wanasema 480. Nikitaka vyote viwe MB kwa sekunde napigaje hesabu? Na mbona hiyo 52x nikikopi haifiki hata nusu?

JIBU: Nzuri ndugu. Hiyo x peke yake haikwambii kitu mpaka ujue ni x ya nini. Kwenye CD, 1x ni kasi ileile ya kuchezea muziki, yaani sekta (vipande vya data) 75 kila sekunde, na CD ya data kila sekta inabeba baiti 2,048, zidisha unapata baiti 153,600, ndo ile KB 150 unayoisikia kila mahali. Ukitaka kuhakikisha chukua CD ya MB 700 uisome kwa 1x, itakula dakika kama 80, na hizo dakika 80 zimeandikwa juu ya CD yenyewe. Kwa hiyo 52x inakuja karibu MB 8 kwa sekunde.

DVD wana 1x yao, MB 1.385, kama mara tisa ya CD. Maana yake 16x ya DVD ni MB 22 na ushee, inaiacha mbali 52x ya CD japo namba ni ndogo, na hapa ndo wengi wanachemka. Blu-ray nayo 1x ni MB 4.5. Kadi za kamera wao waliazima ileile KB 150 ya CD, kwa hiyo 133x ni kama MB 20, ila mara nyingi hiyo ni kasi ya kusoma tu, kuandika ni habari nyingine. Mimi kwenye kadi naangalia ile namba iliyo ndani ya duara la herufi C, ikiwa 10 basi ni MB 10 kwa sekunde za kuandika kwa uchache, hiyo angalau ina maana.

Sasa USB. 480 ni megabiti sio megabaiti, na baiti moja ni biti 8, gawa kwa 8 unapata 60, lakini hiyo 60 hutaiona maana sehemu ya kasi inaliwa na mazungumzo ya vifaa vyenyewe, ukipata 30 mpaka 40 shukuru. SATA, ile njia ya kuunganisha diski ndani ya kompyuta, usigawe kwa 8, gawa kwa 10, kwa sababu kila biti 8 zinasafirishwa kwenye waya kama biti 10, ndo maana SATA ya gigabiti 6 inaitwa ya MB 600. Ile IDE, njia ya kuunganisha diski iliyokuwepo kabla ya SATA, iliyoandikwa 133 usigawe kabisa, tayari ni MB.

Flopi ni kichekesho. Kwenye karatasi ni kilobiti 500 kwa sekunde, ukigawa unapata KB 62.5, ila diski inazunguka mara 5 tu kwa sekunde na kila mzunguko unatoa sekta 18 za baiti 512, jumla baiti 46,080, zilizobaki ni alama na nafasi kati ya sekta. Flopi nzima haiwezi kusomwa chini ya sekunde 32, na hapo hujahesabu kichwa cha kusomea kuhama duara moja la data kwenda jingine. Halafu ile "MB 1.44" ni 1,440 mara 1,024, yaani wamechanganya elfu na 1,024 kwenye namba moja, sijui nani aliona hiyo ni sawa.

Hiyo 1,024 isikuumize kichwa sana. Windows inagawa kwa 1,024 lakini inaandika MB, kwa hiyo MB 60 za kwenye boksi utaziona kama 57. Tofauti ni asilimia 5 hivi. Ukichanganya biti na baiti umekosea mara nane, bora uangalie hapo kwanza, b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti.

Kuhusu 52x kutofika: draivu za kasi zinazungusha CD kwa mwendo mmoja muda wote, na CD inaanza kusomwa ndani kwenda nje. Kule ndani duara ni dogo, data inayopita mbele ya leza kila sekunde ni chache, unaanza na kama 22x, sawa na MB 3.4 hivi, na 52x unaipata ukingoni kabisa. CD ambayo haijajaa haifiki huko. Ikiwa na mikwaruzo ndo kabisa, draivu inarudia rudia na kujipunguzia kasi yenyewe.

SWALI: Nikinunua SSD ya MB 7,000 kwa sekunde, kukopi CD kutaharakika?

JIBU: Hapana. Anayetoa ni CD, na yeye mwisho wake ni MB 8. Hata hard disk ya zamani ya kuzunguka inapokea hizo bila kuhangaika. Kama una CD nyingi ongeza draivu ya pili usome mbili kwa pamoja.