Ushauri kwa Wanaoanza Kazi ya Kupandisha Tovuti za Biashara katika Matokeo ya Utafutaji

Wengi wanaoingia katika kazi hii huanza kwa kuuliza ni maneno gani wayaongeze kwenye ukurasa wa mwanzo. Swali hilo lina mahali pake, lakini huulizwa mapema mno. Injini ya utafutaji, kama Google, hufanya kazi kwa hatua zinazofuatana: roboti yake, yaani programu inayozunguka mtandaoni, huufikia ukurasa na kuusoma, kisha huamuliwa kama ukurasa huo unafaa kuhifadhiwa katika faharasa, yaani hifadhi ya kurasa ambamo majibu hutafutwa, na hatimaye, mtu anapoandika swali, kurasa zilizohifadhiwa hupangwa kwa kadiri zinavyolifaa swali lake. Ukurasa ambao haujasomwa hauhifadhiwi, na ambao haujahifadhiwa haupangwi popote hata ukijazwa maneno ya kila namna. Kazi yako ya kwanza ni kujua ukurasa umekwama katika hatua ipi, na ninashauri usiguse neno lolote kabla ya kujiridhisha kuhusu hilo.

Zana za kukuonyesha hayo hazina malipo. Google hutoa Search Console na Microsoft hutoa Bing Webmaster Tools. Mmiliki akishathibitisha kwamba tovuti ni yake, unaweza kuingiza anwani ya ukurasa wowote na kuelezwa kama umesomwa, lini, na kama umo katika faharasa. Tovuti zinazolalamikiwa kwamba hazionekani kabisa mara nyingi huwa bado na lebo ya noindex, agizo fupi ndani ya msimbo wa ukurasa linaloiambia injini isiuhifadhi, iliyowekwa wakati wa ujenzi ili kurasa ambazo hazijakamilika zisitokee hadharani, na ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa siku ya uzinduzi. Wengine huichanganya lebo hiyo na faili la robots.txt, ingawa kazi zake ni mbili tofauti. Faili hilo huiambia roboti isisome sehemu fulani, lakini halizuii anwani kutokea katika matokeo iwapo tovuti nyingine zinaiunganisha. Zaidi ya hayo, ukiizuia roboti kusoma ukurasa, haitaiona lebo ya noindex iliyomo ndani yake, na ukurasa uliotaka ufichwe unaweza kubaki ukionekana. Anayetaka ukurasa uondolewe katika faharasa aweke lebo na auache usomeke.

Katika ripoti ya Search Console utakutana na kundi la kurasa zilizosomwa lakini hazijahifadhiwa, na kundi jingine la kurasa ambazo anwani zake zinajulikana lakini hazijasomwa. Usiyachukulie kuwa kitu kimoja. Kundi la pili huashiria kwamba Google haijaona sababu ya kuharakisha, labda kwa kuwa seva, kompyuta inayoibeba tovuti, ni nzito au kurasa hizo haziunganishwi vya kutosha kutoka ndani ya tovuti yenyewe. Kundi la kwanza ni hukumu kali zaidi: ukurasa umesomwa na ukaachwa, mara nyingi kwa sababu unarudia yaliyo katika ukurasa mwingine au hauna jambo la kutosha. Kubonyeza tena na tena kitufe cha kuomba ukurasa uhifadhiwe hakubadilishi hukumu hiyo. Ramani ya tovuti nayo, yaani orodha ya anwani za kurasa zake inayopewa injini, ambayo faili lake moja hubeba anwani zisizozidi 50,000, husaidia kurasa zijulikane, lakini haizipandishi.

Kurasa zikishakuwa katika faharasa, ndipo tunapofika kwenye maneno, na hapa ndipo ninapoombwa msaada zaidi kuliko kwingineko. Neno ambalo mtu huliandika katika kisanduku cha utafutaji huficha haja, na haja hiyo ndiyo unayopaswa kuitafuta. Chukua kampuni inayouza na kutengeneza jenereta. Anayeandika "jenereta haiwaki" ana tatizo mbele yake na anataka kujua akague nini kwanza. Anayeandika "fundi wa jenereta" ameshakata tamaa ya kujitengenezea na anataka nambari ya simu. Anayeandika "jenereta ya kutosha nyumba ndogo" bado hajanunua na anataka kusaidiwa kupiga hesabu ya wati. Watu hawa watatu hawawezi kuhudumiwa na ukurasa mmoja wenye kichwa "Huduma Zetu", hata neno jenereta likirudiwa humo kila aya. Kila haja inahitaji ukurasa wake, na kila ukurasa uwe na haja moja ambayo unaweza kuitaja kwa sentensi fupi bila kigugumizi.

Namna ya kuitambua haja ni rahisi kuliko programu ghali zinavyotufanya tuamini. Andika swali hilo mwenyewe, katika dirisha la faragha la kivinjari ili historia yako isiyaelemeze matokeo, kisha utazame ni kurasa za aina gani zimepewa nafasi za juu. Zikiwa ni maelezo ya hatua kwa hatua, ukurasa wa kuuzia bidhaa utahangaika hapo kwa muda mrefu bila mafanikio. Zikiwa ni orodha za bidhaa na bei, makala yako ndefu ya historia ya mashine haitafika popote. Baada ya hapo nenda kwa wafanyakazi wanaopokea simu za wateja. Wao wanajua wateja huliitaje tatizo, na mara nyingi jina hilo silo lililo katika vipeperushi vya kampuni. Mwenye biashara huandika "suluhisho la nishati mbadala ya dharura" wakati mteja wake anatafuta jenereta. Nimeona mabadiliko ya aina hii, ya kumrudishia mteja maneno yake mwenyewe, yakileta faida kubwa kuliko hila yoyote ya kiufundi.

Tovuti zilizokaa miaka mingi huwa na tatizo la kinyume chake: kurasa tatu au nne zinazojibu swali lile lile, zilizoandikwa na watu tofauti nyakati tofauti. Injini hulazimika kuchagua mmoja, na hauchaguliwi lazima ule unaoupenda wewe. Dawa yake ni kuunganisha yaliyo bora katika ukurasa mmoja na kuzielekeza anwani nyingine kwake kwa njia ya kudumu, ile ya msimbo 301, ambao huijulisha injini kwamba ukurasa umehama moja kwa moja. Kazi hii haina mvuto, na mteja hataiona kwa macho, lakini ifanye.

Kichwa cha ukurasa, kile kinachotokea kama kiungo cha kubofya katika matokeo, kina uzito katika upangaji, ingawa Google wakati mwingine hukibadilisha inapoona hakilingani na yaliyomo. Maelezo mafupi yanayotokea chini yake hayapandishi ukurasa; kazi yake ni kumshawishi msomaji abofye. Ile lebo ya maneno muhimu iliyofichwa katika msimbo, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo, na bado wapo wanaotoza fedha kwa kuijaza. Ukikuta ankara ya namna hiyo, una haki ya kuyatilia shaka na mengine yaliyomo. Vilevile hakuna idadi maalumu ya maneno ambayo ukurasa lazima uifikie. Jibu la aya mbili linalomtosha msomaji lisinyooshwe liwe kurasa tano.

Suala la viungo kutoka tovuti nyingine linahitaji tahadhari zaidi. Larry Page na Sergey Brin, walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walijenga Google juu ya wazo kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni aina ya ushahidi, na ushahidi wa ukurasa unaoaminika una uzito zaidi. Wazo hilo lilipojulikana, biashara ya kuuza viungo ikazuka, na tangu hapo kumekuwa na mvutano usiokwisha. Mwaka 2012 Google ilianzisha Penguin, mfumo uliozishusha tovuti zilizojikusanyia viungo vya udanganyifu, na tangu mwaka 2016 mfumo huo umekuwa sehemu ya kanuni yake kuu ya kupanga matokeo, ukivipuuza viungo vya aina hiyo zaidi ya kuiadhibu tovuti nzima. Maana yake kwako ni kwamba anayekuuzia mamia ya viungo kwa bei nafuu anakuuzia, kwa bahati nzuri, kitu kisichohesabiwa, na kwa bahati mbaya, kitu kinachoweza kukuletea adhabu inayotolewa na wakaguzi wa kibinadamu. Kiungo cha matangazo kilicholipiwa si kosa, mradi kiwekewe katika msimbo alama ya sponsored au nofollow ili injini ijue isikihesabu kama ushahidi.

Viungo vinavyostahili kutafutwa ni vile vyenye sababu: mtengenezaji anayewaorodhesha wauzaji wake rasmi, chama cha wafanyabiashara ambacho kampuni ni mwanachama wake, gazeti lililoandika habari ya kweli. Hata hivyo, nikiwa na saa moja tu, ningeitumia kwenye viungo vya ndani. Hivi viko mikononi mwako kabisa, na ajabu ni kwamba ndivyo vinavyosahauliwa. Ukurasa muhimu wa biashara uliofichwa nyuma ya menyu mbili, usiotajwa na makala hata moja ya tovuti hiyo hiyo, unaiambia injini kwamba hata mwenyewe hauthamini. Uunganishe kutoka kurasa zinazosomwa zaidi, kwa maneno yanayoeleza kinachopatikana huko. "Bofya hapa" haimwelezi mtu chochote, wala roboti.

Ipo hila moja inayowavutia sana wenye biashara za huduma: kutengeneza kurasa nyingi zinazofanana kabisa, tofauti yake ikiwa jina la mji tu. Kurasa za namna hiyo, zilizowekwa kama milango ya kukusanyia watafutaji, zimekatazwa muda mrefu. Mwaka 2006 Google iliiondoa kwa muda tovuti ya BMW ya Ujerumani katika faharasa yake kwa sababu ya kurasa zilizoandikwa kwa ajili ya roboti, ambazo binadamu akizifungua alipelekwa kwingine. Ikiwa kampuni kubwa kiasi hicho haikuvumiliwa, ndogo isitarajie kuvumiliwa. Sera zilizotangazwa Machi 2024 zimeongeza katazo la kurasa zinazozalishwa kwa wingi kwa lengo la kupanda katika matokeo, ziwe zimeandikwa na mashine au na watu. Mashine inaweza kukusaidia kupanga mawazo, lakini haijui hitilafu ambazo fundi wenu amezikuta, na hizo ndizo zinazoutofautisha ukurasa wenu na nyingine.

Kasi ya tovuti nitaigusia kwa ufupi kwa sababu umuhimu wake huelekea kutiwa chumvi. Viwango vya Google vinataka sehemu kubwa zaidi ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vilivyomo visirukeruke wakati unapofunguka. Vifikie, halafu uendelee na mengine. Kusumbuka ili sekunde mbili ziwe moja na nusu ni nadra kuleta tofauti katika nafasi. Mkosaji mkubwa huwa ni picha zilizopakiwa kwa ukubwa zilivyotoka kwenye kamera. Jambo zito zaidi ni kwamba Google huitathmini tovuti kwa jinsi inavyoonekana kwenye simu; maelezo uliyoyaondoa katika umbo la simu ili ukurasa upendeze ni kana kwamba hayapo.

Hatari kubwa kuliko zote hutokea siku tovuti inapojengwa upya. Mbunifu hubadilisha anwani za kurasa zote, tovuti mpya huzinduliwa kwa shangwe, na baada ya majuma machache wageni kutoka katika utafutaji wanakuwa wamepungua vibaya. Dai kushirikishwa kabla ya mpango huo kuanza. Kusanya anwani zote za zamani, hasa zile zenye mibofyo na viungo, na kila moja uielekeze kwa msimbo 301 kwenye ukurasa mpya ulio karibu nayo kwa maudhui. Kuzielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo hakusaidii, kwa kuwa Google huelekea kuzichukulia kama kurasa zisizokuwepo. Maelekezo hayo yaachwe kwa mwaka mmoja angalau, na kama inawezekana yasiondolewe kamwe.

Kuhusu kupima, jihadhari na wastani wa nafasi. Ukurasa unapoanza kuonekana kwa maswali mapya, huanzia chini, na wastani wake hushuka ingawa haujapoteza chochote. Mteja anayetazama tarakimu hiyo peke yake atadhani kazi inaharibika. Tenganisha waliotafuta jina la kampuni na waliotafuta huduma, kwa sababu wa kwanza walikuwa wanakuja kwako tangu mwanzo. Usimwahidi mtu nafasi ya kwanza; Google yenyewe inaonya dhidi ya wanaotoa dhamana hiyo. Ahadi unayoweza kuitimiza ni orodha ya kazi utakazofanya na ripoti ya kilichobadilika, ukieleza mapema kwamba mabadiliko mengine huonekana baada ya siku chache na mengine baada ya miezi.

Weka daftari la tarehe: lini ulibadilisha kichwa, lini uliunganisha kurasa, lini seva ilihamishwa. Mara kadhaa kwa mwaka Google hutangaza masasisho makubwa ya kanuni zake, na kila moja huchukua siku au majuma kukamilika. Usifanye uamuzi mzito katikati yake, na uandike tarehe zake katika daftari hilo hilo, kwani bila hivyo hutaweza kutofautisha matokeo ya kazi yako na matokeo ya sasisho. Search Console huhifadhi takwimu za utafutaji za miezi 16 tu, kwa hiyo zipakue kila mwezi na kuziweka mahali ambapo kampuni, na si wewe peke yako, inaweza kuzifikia.